Vitu vya Kufunguliwa kwa Bisibisi

Namangan, 4 Machi 2019

Baba Behzod,

Asalaam aleikum. Nianze na bega lako: bado linauma kwa baridi, au umelipaka ile dawa niliyokufungia kwenye soksi? Sisi tunaamka salama. Behzod ameacha kulilia nyumba ya bibi yake. Oydin ametoa jino la chini na ameshanijaribia nalo. Mama yako mzima, wifi Manzura mzima, wote wanakusalimu.

Barua nampa Baqijon, dereva wa basi, kama tulivyokubaliana. Kwenye simu siandiki neno. Maneno ya simu hayafi, na benki wakitaka kujua kama kweli tuliachana, wataanzia hapo. Kwa watu mimi ni mtalaka. Kwa Mungu mimi ni mkeo, nikaha yetu haijaguswa na mtu. Lakini kila nikivuta droo na kuiona ile hati ya mahakama, nashtuka kama mtu aliyekula cha jirani.

Haya, nyumba tuliyoachania tumeingia. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mkopo wa miaka kumi na mitano, na jina moja kwenye karatasi, langu, kwa kuwa unafuu wao ni wa akina mama wasio na waume. Walivyotukabidhi ndivyo ilivyo. Kuta za saruji, sakafu ya saruji, waya zimetoka ukutani kama masharubu. Nafagia asubuhi, adhuhuri vumbi limerudi. Oydin anakohoa.

Pesa uliyotuma ilikuwa milioni tano za som. Benki wamechukua milioni moja na laki nane. Gesi, maji na umeme laki tatu. Chakula na dawa ya Oydin milioni moja na laki mbili. Mama yako laki tano, kama ulivyoagiza. Friji na kabati ulivyotaka ninunue, nimetanguliza milioni moja na laki moja, zilizobaki nitalipa kidogo kidogo. Imebaki laki moja, nayo imeshaanza kuyeyuka.

Sasa nakuomba. Mwezi ujao tuache kununua vitu, tupige plasta chumba cha watoto na tuweke vigae bafuni. Nawaogesha wanao kwenye beseni juu ya saruji mbichi, na baba yao ni fundi vigae. Hata mimi naona haya kulisema.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bi Xosiyat, amepita mara mbili. Anasema amekuja kunijulia hali, macho yako chini anahesabu viatu vya mlangoni. Viatu vyako nimevifungia ndani ya mfuko wa unga.

Jifunike usiku.

Mama Behzod


Tyumen, 28 Machi 2019

Mama Behzod,

Waaleikum salaam. Barua imefika, na tini kavu pia, wenzangu wamezila zote kabla sijavua koti. Mimi mzima. Bega linauma likiona theluji, likiona kitanda linapona.

Mwezi huu natuma milioni tatu na nusu. Kazi ilisimama wiki mbili, tajiri wetu amehama jengo. Nunua hita ya maji, ile ya kutundika ukutani. Nunua na zulia kubwa la sebuleni. Usichukue la bei rahisi, chukua zito.

Plasta ngoja. Vigae ngoja. Vigae ni kazi yangu mimi, nitakuja kutandika mwenyewe, fundi mwingine asiguse bafu langu. Nimetandika mabafu arobaini na moja ya watu mji huu, nitashindwa langu?

Jambo jingine. Mama ananiambia alipokuja kwenu alikutana na mwanaume ngazini, ana mfuko wa vyuma, anatoka ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu mna milango minne, najua. Lakini mama anasema Behzod alimwita mtu huyo "amaki", kama ami yake. Ni amaki gani huyo ambaye mimi simjui?

Sisemi kitu. Nauliza tu.

Wabusu watoto.

Baba Behzod


Namangan, 17 Aprili 2019

Baba Behzod,

Asalaam aleikum. Natumaini theluji imekwisha huko. Huku miaprikoti imeshamaliza maua na vumbi limeanza. Watoto wazima, kikohozi cha Oydin kinakwenda na kurudi.

Yule amaki ni fundi bomba. Ana miaka sitini na kidole kimoja hana. Alikuja kuziba bomba la jikoni, nikampa chai na mkate. Behzod kila mwanaume mwenye nywele nyeupe anamwita amaki, hata muuza maziwa. Umeuliza, nimejibu. Sasa na mimi nina la kuuliza, ila acha kwanza nikusimulie Alhamisi ilivyokuwa.

Nimekaa nashona. Nina oda ya magodoro kumi ya kukalia, ya bibi harusi wa mtaa wa pili, pamba imejaa chumba kizima. Mlango ukagongwa. Mama yako, wifi Manzura, na wanawake wawili wa kwenu kijijini. Nikafurahi, nikadhani wamekuja kumwona mtoto. Nikatandika kitambaa, nikaweka mikate na karanga. Mama yako hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akamwambia Manzura, "Toa daftari."

Manzura akatoa daftari.

"Friji moja," mama yako akasema. "Nyeupe. Andika nyeupe."

"Mama, mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunaandika mali ya mwanangu, mkamwana. Wewe ulipoolewa, mama yako hakuleta orodha ya vitu vyako? Haikusomwa mbele ya watu, godoro moja, godoro mbili, bakuli sita?"

"Ilisomwa. Lakini ile ni orodha ya bibi harusi. Orodha ya mwanaume nimeiona leo."

"Kwa sababu zamani nyumba ilikuwa ya mwanaume, vitu vya mwanamke. Siku hizi nyumba ya mwanamke. Basi na vitu vipinduke. Manzura, kabati, milango mitatu."

Wale wawili wakacheka, halafu wakaona mimi sicheki, wakaigeukia mikate. Mama yako akaenda kwenye kabati akapapasa nyuma, akazungusha skrubu kwa kidole kuona kama inatoka. Inatoka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaenda kwenye hita: "Hii imeshikwa na nini?" Manzura akachungulia: "Boliti nne, mama." Akaandika, boliti nne. Halafu wale wanawake wakaweka sahihi zao chini. Mmoja hajui kuandika, akachovya kidole kwenye wino wa kalamu iliyopasuka.

Nikawasindikiza mpaka ngazini. Nikarudi, nikakaa juu ya pamba, nikaanza kuhesabu mimi na nafsi yangu. Friji. Kabati. Hita. Zulia zito. Kila ulichoniagiza kununua tangu tuingie humu kinatoka kwa bisibisi au kinakunjwa na kubebwa begani. Nikiomba plasta, ngoja. Nikiomba vigae, ngoja. Plasta haikunjwi. Kigae kikishashika ukuta kimeshika.

Baba Behzod, swali langu ni hili. Unajenga hapa, au unapanga kuhama?

Na lingine. Manzura alipokuwa anavaa viatu aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimkasirikie kaka, huyo Lyuba atamaliza karatasi zake mwezi wa saba." Nikamuuliza Lyuba ni nani. Akawa mwekundu kama nyanya, akashuka ngazi kiatu kimoja hajakifunga.

Lyuba ni nani?

Mama Behzod


Tyumen, 9 Mei 2019

Mama Behzod,

Waaleikum salaam. Ramadhani njema. Tunafunga hapa, jua linachelewa kuzama mpaka mtu anajiuliza kama limesahau. Bega zima.

Manzura mdomo wake hauna kifuniko. Haya, utasikia kwangu mwenyewe.

Lyuba ni mpishi wa bwenini kwetu. Ana miaka hamsini na mbili, ana miguu ya kuvimba na paka watatu. Anaolewa kwa karatasi. Ameshaolewa hivyo na Mtajiki mmoja na Mkirgizi mmoja. Unamlipa, mnakwenda ofisini, wanagonga mhuri kwenye pasipoti, baada ya muda unapata uraia, mnaachana. Kibali cha kazi silipii tena kila mwezi, polisi hawanisimamishi tena barabarani. Ukipiga hesabu, mwaka mmoja pesa inarudi. Nimeshampa nusu. Ndiyo sababu ya zile tatu na nusu. Kuhusu kazi kusimama nilikudanganya, wiki moja tu ilisimama.

Kwenye karatasi mimi ni mwanaume asiye na mke. Wewe ndiye uliyenipeleka mahakamani. Ulisema, "Karatasi ni karatasi, Baba Behzod, haina mwili wala roho." Yangu ndiyo ina mwili?

Na hayo ya bisibisi, ndiyo. Mama alisema weka vinavyotoka. Nami nikaona ana haki. Hapa chumbani tuko wanane. Mmoja, sitamtaja, alifanya kama sisi, akaachana kwa karatasi, akamlipia mkewe nyumba miaka mitatu. Alipokwenda likizo akakuta kufuli jipya. Mkewe akamwambia kwa kupitia mlangoni, "Sisi tuliachana, huna habari?" Alirudi huku na begi moja. Mpaka leo wenzetu wakitaka kucheka wanamuuliza nyumba yako ina vigae rangi gani.

Sisemi wewe ni huyo. Lakini hata huyo mwanamke hakusema mapema.

Nikiandikiwa nusu ya nyumba kwa jina la mama, kesho yake natuma pesa ya plasta. Fikiri.

Watoto waambie baba yuko kazini.

Baba Behzod


Namangan, 7 Juni 2019

Baba Behzod,

Asalaam aleikum, na mkono wa Eid. Natumaini mlipata nyama. Behzod alizunguka ngazi zote akarudi na mfuko wa peremende, anataka nusu nikutumie. Nimekutumia nne.

Umeniandikia kweli na nashukuru, ingawa imechelewa na imekuja na masharti. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu za nyumba nazijua, kwa hiyo nimefikiri kama ulivyosema.

Nusu ya nyumba kwa jina la mama yako, hapana. Nampenda na namheshimu, Eid nimempelekea kitambaa cha gauni. Lakini nyumba hii ni ya Behzod na Oydin. Isiwe ya daftari la Manzura.

Lyuba, hapana. Usiniambie ana miaka hamsini na paka. Hata angekuwa na miaka themanini na ng'ombe. Kweli, mimi ndiye niliyesema karatasi haina roho. Nilikosea. Miezi mitatu humu ndani imenifundisha. Karatasi moja imenifanya nifiche viatu vya baba wa watoto wangu ndani ya unga. Imemfanya mama yako apapase makabati. Imekufanya wewe, mtu aliyeuza pikipiki yake ili nijifungue kwa daktari, uniulize habari za fundi bomba asiye na kidole. Hiyo ni moja. Tukiongeza ya pili tutabaki na nini?

Kwa hiyo nikafanya hivi. Nilikwenda benki. Nikamwambia binti wa dirishani kwamba nina rafiki, ana mkopo kama wangu, ameposwa, anaogopa. Akiolewa atanyang'anywa nyumba? Yule binti akanitazama, akatazama pete yangu ambayo nilisahau kuivua, akasema, "Mwambie rafiki yako aolewe tu. Nyumba haendi mtu kuichukua. Unafuu ndio unaondoka. Badala ya milioni moja na laki nane atalipa milioni mbili na laki nne."

Nikashuka ngazi za benki nahesabu. Laki sita. Baba Behzod, kuwa mke wako halali, kwa Mungu na kwa serikali, kunagharimu laki sita kwa mwezi. Godoro moja la kukalia linaniachia elfu sabini na tano. Laki sita ni magodoro manane. Manne nitashona mimi, juu ya yale ninayoshona sasa, nitakuwa nalala kidogo zaidi, nimezoea. Manne ni yako. Huko kwako ni siku mbili za vigae, au tatu mtu akiwa mvivu.

Nimekubali kulipa nusu yangu. Wewe je?

Ukikubali, njoo kabla ya mwezi wa tisa, twende ofisi ya ndoa. Tukisajiliwa, nusu ya nyumba itaandikwa jina lako, la Elmurod, na mtu yeyote asikutilie kufuli. Lakini uje na pasipoti safi. Ikiwa na mhuri wa Lyuba, usijisumbue kuvuka mipaka miwili. Nitamwita mama yako aje na bisibisi, abebe vyote, hata zulia. Sitamzuia. Nitamshikia mlango.

Bega lako lipake dawa.

Mama Behzod


Namangan, 19 Julai 2019

Baba Behzod,

Asalaam aleikum. Baqijon amekwenda na kurudi mara tatu. Mara ya kwanza alisema hukuwepo. Mara ya pili alisema alikuona kwa mbali. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikunywa chai yangu haraka haraka akaniachia milioni mbili bila barua.

Milioni mbili ni benki na laki mbili ya unga. Ni ya mtu ambaye hataki kulaumiwa, lakini hataki pia kuulizwa.

Niliambiwa mwezi wa saba ndio mwezi wa Lyuba. Nami kalenda ninayo.

Chumba cha watoto kimepigwa plasta. Nimelipa kwa magodoro ya bibi harusi wa mtaa wa pili, na ya dada yake. Fundi alikuja na mkewe, ili Bi Xosiyat asipate la kusema. Oydin amelala siku tano bila kukohoa. Nakuandikia hili kwa sababu ni mwanao. Sikusifu wala sikuombi.

Bafu sijaligusa. Ulisema ni kazi yako. Tarehe thelathini na moja Agosti nitaacha kuamini hivyo.

Mama Behzod


Tyumen, 12 Agosti 2019

Mama Behzod,

Salaam. Mimi mzima, ninyi je? Oydin anatembea? Behzod asimshike mkono mmoja, amshike miwili.

Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Baqijon usimlaumu, nilimwomba asiseme.

Tarehe kumi Julai nilikwenda ofisini na Lyuba. Sikufichi. Tulikaa kwenye benchi, mbele yetu watu sita. Lyuba kachoka, akatoa mkate na vitunguu, tukala. Akaniuliza, "Mkeo anajua?" Nikasema anajua. "Kasemaje?" Nikamwambia ile hesabu yako ya magodoro manane. Nilitaka kumchekesha. Hakucheka. Alisema, "Mtajiki hakuwa na mke. Mkirgizi alisema hana. Wewe unaye, na amekuwekea bei, na bado umekaa hapa na mimi?" Akafunga vitunguu vyake akaondoka. Nusu ya pesa hakurudisha. Sikumdai.

Ndivyo ilivyokuwa. Najua unasoma na jicho moja umelikunja. Mimi pia ningelikunja.

Nina tiketi. Nafika alfajiri ya tarehe thelathini na moja. Nataka kuona karatasi za benki zote, kwa macho yangu, pamoja na jina lililoko juu. Mama anasema inawezekana ulishaandika nyumba kwa kaka yako. Sijamwamini. Lakini nataka kuona.

Nakuja na pimamaji na visu vyangu vya kukatia.

Baba Behzod


Namangan, 28 Oktoba 2019

Baba Behzod,

Asalaam aleikum. Umefika salama? Mpakani hawakukusumbua? Baqijon anasema ulilala njia nzima mdomo wazi, watu wakakupiga picha. Sisi wazima. Oydin anatembea, tena kwa kukimbia, na anapenda kwenda bafuni kupiga vigae makofi. Vile vya pembe ya chini, nyuma ya beseni, viwili vimekaa upande. Nimeviona siku uliyoondoka. Sitamwambia mtu, ila najua sasa kwamba mabafu arobaini na moja hayatoshi kumfanya mtu bingwa.

Nimesikia unalalamika kwa Manzura kwamba nilikuaibisha stendi. Ni kweli. Ulishuka basi umebeba begi na pimamaji, Behzod anakukimbilia, nami nikasema, "Pasipoti kwanza." Nikaifungua ukurasa mmoja mmoja, nikauelekeza kwenye mwanga. Abiria wakasimama kutazama. Yule mzee wa matikiti akasema, "Dada, wewe ni polisi wa mpaka?" Nikamjibu, "Mimi ndio mpaka wenyewe." Kurasa zilikuwa safi. Ndipo nikakupa mtoto. Sitaomba samahani, na ungeniomba uone karatasi za benki palepale stendi ningekuonyesha, nilizibeba kwenye mfuko wa mkate.

Lakini hukuomba. Ulingoja niende kuchota unga kwa jirani, ukavuta droo ya cherehani. Niliporudi karatasi ya tatu ilikuwa juu ya ya pili. Nilipika wali wa palov, nikakuwekea nyama upande wako. Tulikula, kila mmoja ameshampekua mwenzake.

Mama yako hakuja ofisi ya ndoa, unajua. Jana amekuja, akaoga bafuni kwetu kwa mara ya kwanza, akatoka nywele zinachuruzika, akasema, "Mtu analipa laki sita kununua alichokuwa nacho bure. Mwanangu na mkewe, mlisoma shule gani?" Halafu akaomba taulo la pili. Daftari nimemwomba anipe, amekataa. Anasema litakaa kwake mpaka afe. Likae.

Nami bado nacheka nikimkumbuka yule mwanamke wa ofisini, na miwani yake. "Mliachana kwa nini?" Ukasema, "Kwa sababu ya nyumba." Akageuza ukurasa. "Na mnaoana tena kwa nini?" Nikakuwahi kujibu, "Kwa sababu ya nyumba." Akagonga mhuri bila kuinua kichwa. Akasema wiki hiyo sisi ni wa nne.

Viatu vyako vya zamani viko mlangoni. Bi Xosiyat ameviona. Ameviangalia muda mrefu akasema vinataka rangi.

Sasa hesabu. Benki wamenitumia karatasi mpya, milioni mbili na laki nne, kama yule binti alivyosema, kuanzia mwezi ujao. Gesi imepanda kwa sababu ya baridi. Plasta ya sebule tuiache mpaka masika, hatuwezi yote kwa pamoja. Zulia litaficha sakafu. Friji imebaki malipo ya mwezi mmoja.

Ile laki sita, nusu yangu iko tayari. Nimeshona manne, la mwisho nimemaliza leo asubuhi Oydin akiwa amelala juu ya pamba yenyewe. Pesa iko kwenye bahasha, nimeiandika tarehe. Benki wanataka tarehe tano. Baqijon amefika leo, na hana bahasha yako. Nimemuuliza mara mbili. Anasema labda basi lijalo, na basi lijalo linafika tarehe nne.

Nusu yangu iko hapa mezani. Naingoja yako.

Mkeo,
Mama Behzod